Vyeti kwanza, ndipo usimamie kompyuta za matawi kutoka mbali

Fundi wa Kampala anayehudumia SACCO au shule zenye ofisi Arua, Kitgum na Kabale hawezi kupanda basi kila mara kompyuta ya tawi inapogoma, hivyo kuzisimamia kutoka mbali ni kazi yake ya kila siku. Kwa wale wanaotumia Windows bila domeni (seva moja inayothibitisha kompyuta zote za ofisi), kama ilivyo katika ofisi nyingi ndogo, ushauri wangu ni kwamba wasiwashe WinRM, huduma ya Windows ya kusimamia kompyuta kutoka mbali, kabla ya kuandaa vyeti vya dijitali, yaani faili zinazothibitisha kwamba kompyuta ni ile inayodai kuwa. Wengi huandika tu majina ya kompyuta za matawi katika TrustedHosts, orodha ya kompyuta za kuaminiwa, na kuendelea. Orodha hiyo haithibitishi chochote. Inaiambia kompyuta yako isidai uthibitisho, na mtu aliyekwisha kuiteka rauta ya tawi anaweza kujifanya kuwa ndiye kompyuta unayoitafuta.

Njia ninayoitumia na kuiamini ni kuanzisha mamlaka ndogo ya vyeti ya ofisi yenyewe, yaani msainiji wa vyeti vyote. Ufunguo wa siri wa mamlaka hiyo hukaa kwenye laptopu isiyounganishwa na mtandao wowote, iliyofungiwa kabatini, na cheti chake cha mzizi, kinachotumika kukagua vyeti ilivyosaini, huwekwa kwenye kompyuta ambazo fundi anazitumia kusimamia nyingine. Kila kompyuta ya tawi hujitengenezea ufunguo wake wa siri palepale ilipo, kisha hutoa ombi la kusainiwa. Ombi hilo lina ufunguo wa umma tu, kwa hiyo likipita WhatsApp halidhuru, ila kabla ya kulisaini mpigie simu mtu wa tawi unayeijua sauti yake na mlinganishe alama za faili hilo (hash, msimbo unaobadilika faili likiguswa). Ufunguo wa siri, kwa upande wake, usitoke kamwe kwenye mashine yake, hata kwa flashi.

Jina ndilo linalosumbua zaidi. Jina lililo ndani ya cheti lazima lilingane na lile unaloandika unapounganisha, na anayezoea kuunganisha kwa anwani ya IP atakataliwa hata kama cheti ni kizima. Hapo ndipo watu hukimbilia SkipCNCheck na SkipCACheck, chaguo za kuruka ukaguzi wa jina na wa msainiji, wakazima ukaguzi ambao cheti kiliwekwa kwa ajili yake. Afadhali kuyapa matawi majina ya kudumu na kuyaandika katika sehemu ya majina mbadala ya cheti tangu mwanzo. Cheti kiruhusiwe pia kuthibitisha seva, la sivyo WinRM haitakipokea.

Saa nayo iangaliwe. Laptopu ya kusainia, kwa kuwa haina intaneti, hupotea saa polepole, na betri yake ndogo ikifa hurudi miaka nyuma. Ikitangulia mbele, itatoa vyeti ambavyo bado havijaanza kutumika, nawe utahangaika kutafuta kosa kwenye mtandao wa tawi ambako halipo.

Kufungua poti 5986, ambayo WinRM huitumia pamoja na cheti, na kuifunga 5985 isiyotumia cheti ni kazi fupi. Kuwa makini zaidi unapokiunganisha cheti na huduma, kwa kuwa WinRM hukitambua kwa alama yake yenye herufi na tarakimu 40. Ukiinakili kutoka dirisha la cheti, huenda ikaja na herufi isiyoonekana mwanzoni, na amri itakataa bila sababu unayoiona. Nakili kuanzia herufi ya pili, na ile ya kwanza uiandike kwa mkono.

Alama hiyo hubadilika cheti kinapotolewa upya, lakini huduma huendelea kushikilia ile ya zamani mpaka uibadilishe mwenyewe. Cheti kikiisha muda, njia yako salama ya kuingia tawini imefungwa. Kwa hiyo mimi huanza kazi hiyo mwezi mmoja kabla, kupitia cheti ambacho bado ni halali, na baada ya kubadilisha alama nafungua muunganisho mpya wa majaribio huku mtu wa tawi akiwa bado kwenye simu, karibu na kompyuta yenyewe.