Misuli hujuaje kwamba nishati inapungua?

Swali: Nimesoma kwamba akiba ya ATP, molekuli inayoipa seli nishati, ndani ya misuli hutosha kwa sekunde chache tu. Mbona basi haiishi tunapokimbia?

Jibu: Akiba hiyo kweli ingemalizika ndani ya sekunde 2 au 3 za kukimbia kwa kasi kubwa, ila seli haingoji ifikie hapo. Kwanza fosfati ya kreatini huirudishia ADP, yaani ATP iliyotumika ikapoteza fosfati moja, fosfati hiyo iliyopotea, na hiyo huusaidia msuli kwa sekunde 10 hivi. Pamoja nayo hufanya kazi kimeng'enya kiitwacho adenilati kinasi, ambacho huchukua molekuli 2 za ADP, kikaipokonya moja fosfati yake na kuipa ya pili, hata zikapatikana ATP moja na AMP moja, yaani molekuli iliyobakiwa na fosfati moja tu. Kwa kuwa AMP ni haba mno msuli unapopumzika, ATP ikipungua kwa asilimia 10 tu, AMP huweza kuongezeka mara kadhaa. Ndiyo maana seli hupima majivu badala ya kuhesabu kuni.

Swali: AMPK hufanya nini hasa?

Jibu: AMPK ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachopachika fosfati kwenye protini nyingine ili kuziamsha au kuzituliza, na ndicho kinachoyasoma majivu hayo. Kimeundwa kwa sehemu 3, alfa, beta na gama. AMP ikinasa kwenye gama, umbo la kimeng'enya hubadilika, na fosfati ambayo kinasi LKB1 huipachika kwenye alfa hukaa bila kuondolewa upesi. AMPK ikishaamka hukituliza kimeng'enya ACC2, kinachotengeneza malonili-CoA, molekuli inayozuia asidi za mafuta zisiingie katika mitokondria, vinu vya seli ambamo huchomwa ili kutoa nishati. Mlango wenyewe haukuguswa. Bawabu ndiye aliyeondolewa, na kwangu mimi huo ndio ufundi wa kupendeza kuliko wote katika mfumo huu.

Swali: Mazoezi hushushaje sukari ya damu kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi vizuri?

Jibu: Glukosi huingia katika seli ya msuli kupitia protini GLUT4, ambayo wakati wa mapumziko hufichwa ndani katika vifuko vidogo. Insulini huvisukuma vifuko hivyo hadi kwenye utando kwa kupitia kinasi Akt, ilhali msuli unaokaza hutumia njia yake wenyewe, isiyoihitaji insulini. AMPK ni sehemu ya njia hiyo, lakini si peke yake, maana panya walioondolewa AMPK ya misuli bado huingiza glukosi wanapokimbia. Anayejidunga insulini apime sukari kabla na baada ya mazoezi, kwa kuwa njia hizo 2 zikifanya kazi pamoja sukari huweza kushuka kupita kiasi.

Swali: Je, AMPK ndiyo inayoamuru glikojeni, akiba ya glukosi iliyo ndani ya msuli, ivunjwe?

Jibu: Hapana. Kalisi ileile inayoufanya msuli ukaze huamsha fosforilasi kinasi, nayo huamsha fosforilasi inayokata glikojeni, kwa hiyo ghala hufunguliwa mara tu kazi inapoanza. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliufichua uamshaji huo wa fosforilasi kwa fosfati katika misuli miaka ya 1950, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992.