Corolla 110 inamisi na inakula oili: pima kompresheni kabla hujanunua mashine

Mkuu, nimekusoma. Corolla 110, injini ya 5A, asubuhi inamisi (inawaka kwa kukosakosa), oili inapungua, na fundi keshakwambia mashine, yaani injini, imekufa, nenda Gerezani, kule Dar kwenye spea za magari, ukatafute nyingine. Hela yako iache mfukoni kwanza. Gari za aina hiyo nazifungua mwenyewe uani kwangu, na 5A kadhaa nilizokuta zimeshahukumiwa kifo zilikuwa na shida ya gasketi tu.

Anza na waya za plagi. Injini ikiwa ya baridi, zivute moja moja na uzitie alama, namba 1 ikiwa ile ya upande wa mikanda. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, ukizichanganya utatafuta mchawi bure. Sasa tazama mpira wa mwisho wa kila waya. Ukitoka umelowa oili nyeusi, umevimba na unateleza mkononi, sababu ya kumisi umeshaipata: shimo la plagi limejaa oili na umeme wa plagi unavujia pembeni. Hiyo oili inashuka kutoka juu, kwenye gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) na zile ringi za mpira zinazozunguka mashimo ya plagi. Joto la miaka yote hiyo limezikausha. Ukiichomoa hiyo gasketi na kuikunja inakatika kama biskuti.

Hapo usikimbilie kufungua plagi. Inyonye ile oili kwa bomba la sindano lililochomekwa kampira kembamba, malizia kwa kitambaa. Ikidondokea ndani itaziba mianya ya ringi za pistoni, na geji ya kompresheni (inayopima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) itakudanganya kwamba silinda ni nzima. Mafundi wengi wa kijiweni hawajali hili, halafu wanabishania namba.

Ukishakausha, rudisha waya, washa injini ipate joto lake, zima, kisha fungua plagi zote nne. Chomoa fyuzi ya EFI ili petroli isimwagwe ndani, na chomoa soketi ya distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi. Betri iwe imejaa. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka chini na kupiga stata, wewe ushike geji. 5A nzima inasoma PSI 190 hivi. Chini ya 142 ndiyo imechoka kweli, na silinda zisipishane zaidi ya 14 hivi. Injini inayosoma 160 kwenye silinda tatu na 155 kwenye moja ni mzee, siyo maiti. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kwenye shimo lake upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya hedi. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, mimi naanza kuishuku gasketi ya hedi.

Kuhusu kula oili, angalia moshi. Wa bluu asubuhi tu unapowasha kisha unakata, hizo ni sili za valvu. Ukifuatana nawe barabarani kila unapokanyaga mafuta, hapo ringi.

Gasketi ya tapeti kava ni kazi ya asubuhi moja. Kwangua mabaki ya zamani yote, weka silikoni kidogo kwenye kona tu, siyo kuzungusha kava zima kama wanavyopenda wengine. Ile inayominyika kwa ndani inakatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Nati zake hazitaki nguvu kabisa, spana fupi na vidole viwili.

Vipimo vikikataa kabisa, basi badilisha mashine, ila kwa akili. Chukua ya 5A ileile, na ikiwezekana uione ikiwaka kwenye noskati (kipande cha mbele cha gari kilichokatwa) kabla haijachomolewa. Ukitamani injini ya 4A au 7A, inakaa, lakini dai waya na kontroli boksi yake (kompyuta ya injini), na hiyo boksi ilingane na giaboksi yako, manyuo au otomatiki. Mashine ikiwa bado imening'inia kwenye chenibloku (winchi ya mnyororo), badilisha sili ya nyuma ya krenki, taiming belti na pampu ya maji. Sili ile ikianza kuvuja mashine ikiwa ndani, ni kushusha giaboksi upya, na kushusha giaboksi peke yako ukiwa umelala chini ya gari sikushauri hata kidogo. Stendi za chuma lazima, jeki peke yake haifai.

Dai risiti yenye namba ya injini. Namba hiyo iko kwenye kadi ya gari, na ukibadili mashine inabidi TRA wairekebishe.

Ukishapima, weka hapa namba za silinda zote nne kama geji ilivyosoma, na picha ya ncha za plagi.