Skripti inampitisha asiyekuwemo kwenye kundi: yaliyonikuta Kigoma

Mkuu, umeuliza kwa nini `groups $mtu | grep malipo` (groups inaorodhesha makundi ya mtumiaji, grep inatafuta neno humo) inampitisha mtu ambaye hayumo kwenye kundi la malipo. Yalishanikuta, tena kwenye pesa za watu.

Nilikuwa natunza seva ya Linux ya ghala moja la dagaa hapa Kigoma, upande wa Kibirizi. Majedwali ya malipo ya wavuvi yalifunguliwa na skripti inayoendeshwa kwa sudo (yaani kwa ruhusa za msimamizi), na ilipaswa kumkubali aliye kwenye kundi la malipo tu. Wakaja vijana wa mazoezi, nikawaundia kundi la malipo-mazoezi wajifunzie kwenye nakala. Asubuhi moja dada wa hesabu akaniita: "Kaka, hebu njoo uone." Nikasimama nyuma ya kiti cha kijana mmoja wa mazoezi. Majina, kilo, shilingi, vyote halisi, viko wazi kwenye skrini.

grep haijui kundi ni nini. Inatafuta herufi hizo popote zilipo. Nikaongeza `-w`, inayodai neno zima lilingane, nikidhani nimemaliza. Wapi! Kwa grep, neno ni herufi, tarakimu na mstari wa chini. Kistari kinakata neno. malipo-mazoezi ikapita vilevile. Wengi wananasa hapa, maana ukijaribu na malipoyote, `-w` inakataa vizuri, unaamini umepona.

Tumia hii:

`id -nG "$mtu" | tr ' ' '\n' | grep -qxF malipo`

`id -nG` inatoa majina ya makundi ya mtu, tr inaweka kila kundi kwenye mstari wake, `-x` inadai mstari mzima ulingane, `-F` inazuia nukta kwenye jina la kundi isisomwe kama herufi yoyote ile. groups iache: ukiipa jina la mtu, inalitanguliza pamoja na nukta pacha, kwa hiyo kwa grep yako akaunti iitwayo malipo2 inapita kwa jina lake tu. Nayo `getent group malipo`, inayoorodhesha waliomo kwenye kundi, haimtaji mtu ambaye malipo ndilo kundi lake la msingi, asipoongezwa humo pia. Utamfungia mlango mwenye haki.

Kama seva imeunganishwa na Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji), kuna majina yenye nafasi, mfano "domain users". tr itayakata vipande. Hapo linganisha namba za makundi, kwa `id -G`.

Kabla ya kuirudisha kazini, fungua akaunti ya majaribio, iweke kwenye malipo-mazoezi peke yake, uendeshe skripti. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza, na majina ya wavuvi yakasomwa na wasiohusika.