Kabla hujajumlisha maziwa

Jedwali la kwanza la maziwa ya nchi nililokabidhi kazini lilikuwa na safu tatu: uzalishaji, uagizaji, matumizi. Nilikaa nalo wiki mbili, nikalinyoosha mpaka likapendeza. Bosi wangu hakulitazama hata dakika moja. Aliweka kidole kwenye safu ya uagizaji, akauliza, "Hii ni maziwa au unga?" Ilikuwa tani za unga wa maziwa. Nilikuwa nimezijumlisha na tani za maziwa ghafi kana kwamba ni kitu kimoja, na nchi ikaonekana haiagizi chochote cha maana kutoka nje.

Basi wewe unayeanza, anzia hapo. Sehemu kubwa ya maziwa ni maji. Mafuta, protini, sukari na madini kwa pamoja ni kama asilimia 12 au 13 tu. Ndiyo maana kilo 1 ya unga wenye mafuta yake huhesabiwa kuwa sawa na kilo 7.6 hivi za maziwa, na kilo 1 ya unga ulioondolewa mafuta hukaribia 11. Meli ikishusha tani 1,000 za ule wa kwanza, imeshusha tani 7,600 za maziwa. Halafu lita si kilo: lita 1 ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03. Tofauti hiyo utaidharau mpaka siku utakapokuta watu wanabishana mkutanoni juu ya upungufu ambao haupo, kumbe mmoja ana lita na mwenzake ana kilo.

Siagi nayo ina mtego wake, na humo hata wazoefu hutumbukia. Chukua kilo 100 za maziwa yenye mafuta asilimia 4. Kiwanda kitapata siagi isiyofika kilo 5 na unga usio na mafuta kama kilo 9. Ukiigeuza siagi kuwa maziwa kwa kipimo cha mafuta, kisha ukaugeuza unga kwa kipimo cha vitu vikavu visivyo mafuta (protini, sukari na madini), ukajumlisha, utapata karibu kilo 200. Ng'ombe alikamuliwa mara moja, wewe umemkamua mara mbili. Chagua kipimo kimoja, kiandike juu ya jedwali, ukae nacho hadi mwisho.

Kwa upande wa forodha, wengi huchukua vifungu 0401 hadi 0406, yaani namba za forodha za maziwa na bidhaa zake, na kufunga faili. Lakini upo unga ambao mafuta ya maziwa yametolewa, yakauzwa kando, na mahali pake pakatiwa mafuta ya mimea, mara nyingi ya mawese. Huo huingia kwenye kifungu 1901, pamoja na maziwa ya watoto wachanga na vyakula vingine vya unga. Mlaji anaukoroga na kuunywa kama maziwa, mfugaji unamnyang'anya soko, ila safu yako ya maziwa haina habari nao.

Sasa uzalishaji, ambao ndio ulionifundisha adabu. Takwimu nyingi za uzalishaji hazikupimwa kwa ndoo. Ni idadi ya ng'ombe kuzidishwa kwa lita za makadirio. Niliwahi kumuuliza mama mmoja mfugaji ng'ombe wake anatoa kiasi gani. "Kumi," akajibu bila kusita, nikaandika kumi. Kwa bahati mvua ilinizuia, nikawa bado nipo wakati wa kukamua. Ndoo ilipatikana na lita 4, na chuchu moja iliachiwa ndama. Hakunidanganya hata kidogo. Kumi zilikuwa za wiki chache baada ya kuzaa, mkamuo unapokuwa kwenye kilele, na hicho ndicho kiwango ambacho mfugaji yeyote hukikumbuka. Baada ya hapo maziwa hushuka mwezi hadi mwezi mpaka ng'ombe anakaushwa. Kwa hiyo usiulize "anatoa ngapi". Uliza jana asubuhi alitoa ngapi, jana jioni ngapi, amezaa lini, ndama ananyonya au hanyonyi, na zizini wanaokamuliwa leo ni wangapi. Mitamba na ng'ombe waliokaushwa wamo kwenye idadi ya mifugo, lakini hawatii kitu ndooni. Uliza pia maziwa ya jioni huenda wapi. Gari la kukusanya likija asubuhi tu, na tangi la kupoza halipo, ya jioni hunywewa nyumbani au huharibika. Yamezalishwa, ndiyo, ila soko halikuyaona.

Matumizi, mara nyingi, hayapimwi kabisa. Ni uzalishaji ukiongeza uagizaji, ukitoa mauzo ya nje. Maana yake kila kosa la safu mbili za mwanzo huteremkia hapo. Wala usichanganye mahitaji ya soko na mahitaji ya lishe. Kuchukua lita zinazopendekezwa na wataalamu wa afya ukazizidisha kwa idadi ya watu hakukupi soko, maana soko ni la mwenye fedha mkononi. Mimi huanza na hesabu nyepesi: tuseme watu wanaongezeka kwa asilimia 2.5 kwa mwaka, kipato cha kila mmoja kwa asilimia 3, na kila kipato kikipanda kwa asilimia 1 ununuzi wa maziwa hupanda kwa asilimia 0.8. Hapo mahitaji yanakua kwa asilimia 4.9, nayo yatakuwa maradufu ndani ya miaka 14 au 15, bei zisipobadilika. Bei hubadilika, bila shaka, lakini angalau umejua ukubwa wa mlima.

Utaulizwa pia uagizaji ni asilimia ngapi ya soko. Asilimia ya nini? Tuseme nchi inazalisha lita milioni 1,000, viwandani zinafika milioni 100, na kutoka nje zinaingia sawa na milioni 30. Mwenye kiwanda atasema 30 dhidi ya 100 zake, waziri atasema haifiki 3 katika soko zima. Wote wana hoja, na wewe ndiye unayepaswa kuandika hesabu zote mbili.

Kuhusu bei ya unga, utasikia ni rahisi kwa sababu ya ruzuku za kuuza nje. Kagua mwaka wa habari hiyo, kwa kuwa wanachama wa WTO, Shirika la Biashara Duniani, walikubaliana Nairobi, Desemba 2015, kuziondoa. Misaada mingine kwa wafugaji wa nchi tajiri ipo, lakini hilo ni jambo jingine. Wala si kila unga unaua mfugaji. India, katika mpango wa Operation Flood ulioanza mwaka 1970, ilipokea unga na mafuta ya siagi vya msaada kutoka Ulaya, ikavigeuza kuwa maziwa, ikayauza mijini, na fedha zake zikajenga ukusanyaji wa maziwa ya wafugaji wenyewe. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inaongoza duniani kwa uzalishaji.

Swali la kwako ni unga unaingia miezi gani. Ukiingia kiangazi, ndoo zinapopungua, unaziba pengo. Ukiingia wakati malisho yamejaa na vituo vya kukusanya vinarudisha maziwa ya watu, hiyo ni habari nyingine kabisa. Jedwali la mwaka linaficha yote mawili, kwa hiyo ukipewa hilo, rudi uombe la miezi 12.