Re: Kaunti inaweza kweli kulipia watu wasio na bima?
Inawezekana kabisa ndugu yangu. Umeuliza kama kaunti inaweza kutibu wasio na bima bila kufilisika, basi angalia Makueni, 2016 wakati wa gavana Kivutha Kibwana walileta mpango wa matibabu wa MakueniCare, familia ilikuwa inalipa shilingi 500 tu kwa mwaka mzima na inatibiwa hospitali za kaunti, na wazee wa miaka 65 kwenda juu walikuwa hawatoi kitu. Shangazi yangu wa huko alikuwa anafunga hiyo kadi kwa pembe ya leso pamoja na pesa ya matatu, haiachi nyumbani hata akienda sokoni. Lakini MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi, mbane kwa hili, dawa zitatoka wapi? Kadi unayo, halafu dirishani unaambiwa nenda kemisti ya nje, na hapo ndio watu huuza mbuzi. Watenge pesa ya dawa kwanza kabla waanze kuandikisha watu.