Nyama ya kifua iliyoshonwa mdomoni ikigeuka zambarau, msisubiri raundi ya asubuhi

Mdogo wangu, umeuliza kama mnaweza kusubiri raundi. Mama kaondolewa saratani ya shavu juzi, wakachukua nyama na ngozi ya kifuani kuziba pengo (ndiyo tunaiita flapu), na tangu jioni ile nyama imekuwa zambarau na inavimba. Msisubiri. Acha kusoma hapa, nenda kwa nesi wa zamu umwambie: "Flapu ya mama imebadilika rangi na imevimba tangu saa fulani, naomba daktari aje aione sasa hivi." Ukishamwambia, rudi usome yaliyobaki.

Mimi ni nesi wa upasuaji hapa Mwanza, na wagonjwa wa mdomo na taya nimewauguza miaka mingi.

Nyama hiyo ya kifua haikutenganishwa na mwili. Huachwa kwenye kikonyo chake kama embe: msuli, na ndani yake ateri (mshipa unaoleta damu) na vena (unaoirudisha) zinazotokea chini ya mfupa wa mtulinga. Kisha hupitishwa chini ya ngozi ya shingo mpaka mdomoni. Njia hii ilielezwa na daktari wa Marekani, Stephan Ariyan, mwaka 1979, na inatumika sana mpaka leo kwa sababu haihitaji hadubini ya kuunganishia mishipa midogo. Siku za mwanzo flapu inaishi kwa kikonyo hicho tu, maana kingo zake bado hazijaota mishipa mipya kutoka mdomoni.

Wengi hudhani flapu hufa kwa kukosa damu ya kuingia. Tunachokiona mara nyingi zaidi ni damu kushindwa kutoka. Kama umelima mpunga Magu au Misungwi, fikiria jaruba ambalo mlango wa kuingizia maji uko wazi na wa kutolea umezibwa: mpunga unaozea majini. Ateri ina msukumo wa moyo, lakini vena ina kuta laini na hubanwa na kitu kidogo tu. Damu hujaa, uvimbe hupanda, na mwisho hata ile ya kuingia hukosa nafasi.

Hili nililijua vibaya. Miaka ya nyuma nilikuwa zamu ya usiku na mzee mmoja mvuvi wa visiwani, aliyekatwa saratani chini ya ulimi. Saa 4 usiku nilibonyeza flapu kwa kidole, rangi ikarudi papo hapo. Nikafurahi, nikaandika kwenye faili kwamba mzunguko ni mzuri. Kumbe rangi kurudi haraka kupita kiasi ndiyo dalili ya damu iliyojaa! Flapu yenye afya hurudisha rangi kwa kama sekunde 2. Ikichelewa, ikawa imepauka na imenywea, shida iko kwenye ateri. Ikirudi ghafla huku imevimba na kuelekea zambarau, shida ni vena. Saa 8 ilikuwa imekuwa nyeusi. Daktari alipokuja hakuanza na flapu, alianza na shingo: ukanda wa kushikilia mrija wa kupumulia ulikuwa umekazwa sana baada ya kubadilishwa, fundo limekaa juu ya kikonyo. Akaukata, akafungua nyuzi chache, ikamwagika damu nzito yenye rangi ya zambarau. Kufika alfajiri sehemu kubwa ilikuwa imepona. Tangu usiku ule sifungi ukanda bila kupitisha vidole viwili chini yake, na kwa mgonjwa wa flapu napenda zaidi mrija ushonwe kwenye ngozi, ukanda usiwepo kabisa.

Jambo jingine ambalo vitabu vilinichelewesha: vinasema flapu nzuri ni ya pinki. Ngozi ya kifua cha Msukuma ikiwa ndani ya kinywa haiwi pinki! Nailinganisha na ngozi ya kifua cha upande wa pili, kwa tochi ileile, kila saa, na naandika. Kugusa kama ina joto hakusaidii sana, kwa kuwa kinywa chenyewe kina joto. Daktari akiwa na shaka huchoma kwa sindano nyembamba: damu nyekundu ikitoka taratibu, tunapumua. Nyeusi ikichuruzika haraka ni vena, na isipotoka kabisa ni ateri.

Ninyi ndugu mnaweza kusaidia. Msimfunge kanga shingoni wala begani hata kama upepo wa ziwa ni mkali. Fungeni dirisha, mfunikeni kuanzia kifuani kushuka, kwani baridi nayo hubana mishipa. Asilalie upande wa kikonyo. Anayevuta sigara asimkaribie, na mama mwenyewe kama alikuwa anavuta asirudie, nikotini hubana mishipa hiyohiyo. Msiikande flapu, msiifute, msimpe chochote mdomoni mpaka mruhusiwe.

Kuna aliyekujibu hapo juu kwamba hospitali za nje huweka ruba wanyonye damu. Ni kweli, Marekani waliidhinisha ruba wa tiba mwaka 2004. Ila hao hufugwa maalumu, na mgonjwa hupewa antibayotiki kwa sababu tumbo la ruba lina bakteria. Tafadhali, asije mtu na ruba wa jarubani.

Wakifungua nyuzi mama akatokwa na damu nyeusi, usiogope, ndiyo njia ya kuipunguzia mzigo. Na ikitokea ngozi ya juu ikafa ukingoni huku msuli wa chini uko hai, utando wa kinywa huota taratibu ukaufunika. Yule mzee alipoteza ukingo wa ngozi, na kliniki ya baadaye nilikuta pamefunga.

Daktari akishamwona, andika hapa amesema nini. Niko zamu mpaka saa 1 asubuhi.