Galaksi huvumbuliwa au hugunduliwa?

SWALI: Kamwene, mwalimu. Ninafundisha fizikia katika sekondari moja hapa Iringa. Klabu yetu ya sayansi inaandaa bango kuhusu galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, iitwayo NGC 3115, na wanafunzi wameandika hivi: "William Herschel alivumbua galaksi dengu ya NGC 3115 mwaka 1787. Galaksi hii ina miaka ya nuru milioni 32." Mwenzangu wa Kiswahili amekata "alivumbua" kwa kalamu nyekundu akaweka "aligundua". Wanafunzi wanabisha kwamba maneno hayo ni mamoja. Mimi linanitatiza zaidi hilo "dengu", tulilolipata tulipokuwa tunahangaika kutafsiri lentikula, jina la kisayansi la umbo lake. Tuandikeje?

JIBU: Kamwene, mwalimu. Mwenzako yuko sahihi, ila kalamu yake ingeteremka hadi sentensi ya pili, maana huko ndiko kwenye kosa kubwa zaidi.

Wanafunzi nao wana hoja. Kwa muda mrefu vumbua na gundua yamekuwa yakipishana mlango mmoja, na mzee akikwambia fulani kavumbua machimbo ya dhahabu huko Chunya, hajaharibu lugha. Lakini matumizi ya leo yameyatenga. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hutoa hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi, kwa uvumbuzi, yaani kwa kitu ambacho hakikuwapo mpaka mtu alipokaa akakitengeneza. Huwezi kwenda pale kuombea galaksi hataza. Anayegundua anakikuta kitu kiko mahali pake, pengine tangu kabla ya kuumbwa kwa dunia hii, ila yeye alikuwa hajakijua.

Chukua lumbesa. Yuko mtu aliyevumbua mtindo ule wa kuliongezea gunia la viazi kilemba cha wavu mpaka linakuwa refu kuliko aliyelibeba. Mkulima wa Uyole aliyelipwa bei ya gunia moja, kisha siku moja akaliweka kwenye mzani na kukuta kilo alizokuwa anamgawia mnunuzi bure, huyo kagundua. Ukimwambia mkulima huyo kwamba yeye ndiye aliyevumbua lumbesa, mtakosana.

Katika habari za anga vitenzi vyote viwili vina kazi, na ndiyo sababu si vizuri kuvichanganya. Darubini ilivumbuliwa. Mwaka 1608 Hans Lippershey, fundi wa miwani huko Uholanzi, aliiombea hataza akakataliwa, kwa kuwa walijitokeza na wengine waliosema wanajua kuitengeneza. Hakuna aliyebisha kwamba chombo ni uvumbuzi. Ugomvi ulikuwa ni wa nani. Herschel alikuja baadaye sana. Alijitengenezea darubini yake mwenyewe, yenye kioo cha upana wa karibu nusu mita, na tarehe 22 Februari 1787, huko Slough, Uingereza, akaiona hiyo NGC 3115 yenu. Aliyekuwa akimwandikia matokeo katika kazi hiyo ni dada yake, Caroline. Kwa hiyo: darubini imevumbuliwa, galaksi imegunduliwa kwa darubini.

Hapo mwenzako ameshinda. Lakini gundua lenyewe lina mtego, na watu wa nyanda za juu kusini wanaufahamu kuliko wengine. Mwaka 2003 watafiti walimkuta nyani wa kipunji katika misitu ya Mlima Rungwe, na mwaka 2005 wakamtangazia ulimwengu. Magazeti yakaandika kwamba kipunji "amegunduliwa", nukta. Sasa hilo jina kipunji lilitoka wapi? Walilikuta kwa wawindaji wa huko huko, waliokuwa wakimtaja mnyama huyo siku zote, na taarifa zao ndizo zilizowapeleka watafiti msituni. Kitenzi cha kutendwa kisichotajiwa mtenda kinamfanya msomaji aamini kwamba hakuna binadamu aliyekuwa akijua. Dawa ni ndogo tu: taja mtenda. "Kipunji aligunduliwa na wanasayansi mwaka 2003" ni sentensi ambayo hata mwindaji wa Rungwe ataipitisha, pengine kwa kucheka. Kwenye bango lenu tatizo hilo halipo, kwa sababu mtenda ametajwa, na NGC 3115 haionekani kwa macho matupu. Hakuna bibi wa Kihehe aliyeinyang'anywa.

Mtego wa pili ni "kwamba". "Herschel aligundua galaksi ya NGC 3115" ni sahihi. "Herschel aligundua kwamba NGC 3115 ni galaksi" ni uongo, na nimeshaona wanafunzi wakiruka kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila kujua wamevuka mpaka. Katika sentensi ya kwanza kinachogunduliwa ni kitu. Katika ya pili ni jambo kuhusu kitu hicho. Herschel aliiandika katika orodha yake ya nebula, yale mawingu hafifu ya nuru, na zama hizo hakuna aliyekuwa na njia ya kupima umbali wake. Johan Dreyer aliiingiza katika orodha yake kuu ya mwaka 1888, na hiyo namba 3115 inatoka humo. Tangazo la mwanaastronomia Edwin Hubble kwamba nebula ya Andromeda iko mbali nje ya Njia Nyeupe, galaksi tunamoishi sisi, yaani ni galaksi inayojitegemea, lilitoka mwaka 1925. Baada ya hapo ndipo nebula za aina ile zikatambuliwa kuwa galaksi. Kutambua ndicho kitenzi chake: kitu umeshakiona, sasa unajua ni nini.

Na kubuni nako kumo. Hubble alizipanga galaksi kwa maumbo: za duaradufu upande mmoja, zenye mikono iliyojisokota upande mwingine. Mwaka 1936 akaweka katikati kundi aliloliita S0, ambalo ndilo hilo la lentikula, kwa kufikiri tu kwamba lazima pawepo na daraja kati ya pande hizo mbili. Hilo kundi alilibuni. Galaksi zenyewe zilikuwapo, na yenu ni mfano mzuri: mwanzoni ilihesabiwa kuwa duaradufu iliyobapa kupita zote, baadaye ikahamishiwa S0.

Sasa dengu. Mantiki yenu naiona: lentikula inatokana na jina la Kilatini la punje bapa, punje hiyo hiyo iliyokipa kioo cha lenzi jina lake. Shida ni kwamba dengu za soko la Mwanjelwa, na hata hapo kwenu Iringa, ni punje nene zilizoviringana. Mwanafunzi akisoma "galaksi dengu" atafikiria gololi. Punje inayotakiwa watu wa pwani huiita adesi, lakini huku kwetu ukisema adesi utaulizwa ni mboga gani. Mngetaka chakula, kitumbua kingewafaa zaidi, kimejaa katikati na kimesinyaa pembeni, ila siwashauri muende nacho mbele ya mkaguzi. Andikeni "galaksi ya umbo la lenzi", na mkishaitaja mara moja mnaweza kuifupisha kuwa "galaksi lenzi", kwa mtindo ule ule wa askari kanzu na njugu mawe. Kwa mwalimu wa fizikia neno lenzi ni la kila siku, na umbo linajieleza: sahani yenye kitovu kinene, isiyo na mikono, yenye gesi kidogo na nyota ambazo nyingi ni za zamani. NGC 3115 tunaiona kwa ubavu, hivyo umbo hilo linajitokeza wazi kabisa pichani.

Kuhusu ngeli sina la kurefusha. Ni galaksi hii, galaksi hizi. Magalaksi muwaachie wengine.

Tuje kwenye sentensi ya pili ambayo kalamu nyekundu iliiruka. "Ina miaka ya nuru milioni 32." Katika Kiswahili, chenye miaka kina umri. Mtoto ana miaka saba, shule ina miaka arobaini. Kwa hiyo msomaji wenu ataondoka akiamini kwamba galaksi hii ilizaliwa miaka milioni 32 iliyopita, wakati nyota zake nyingi zina umri wa mabilioni ya miaka. Mwaka wa nuru ni kipimo cha umbali: kiasi cha kilomita trilioni 9.46, mwendo wa nuru kwa mwaka mmoja. Kitenzi "ina" hakiwezi kubeba hilo peke yake. Semeni "iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 32". Neno umbali likikosekana, sentensi imekufa, hata kama namba ni sahihi.

Bango lisomeke hivi: "William Herschel aligundua galaksi ya NGC 3115 mwaka 1787. Ni galaksi ya umbo la lenzi, na iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 32." Mkibakiwa na nafasi, ongezeni sentensi moja ambayo shule ya Dar es Salaam haiwezi kuiandika kwa uhakika kama ninyi: "Galaksi hii hupita utosini mwa Iringa." Iko katika kundinyota la Sudusi, kusini mwa Asadi, na mstari inaoupitia angani unalingana karibu kabisa na latitudo ya mji wenu. Mwezi Mei, mvua zikishakata, itafuteni kwa darubini ndogo mnamo saa mbili usiku. Itakuwa imeanza kuinamia magharibi. Na muandike "utosini", kama tunavyosema jua la utosini. "Juu ya vichwa vyetu" ni popote, hata bati la darasa liko juu ya vichwa vyenu.